Sabuni au kitakasa, glavu gani, mafuta gani: ulinganisho kwa mikono inayoshinda kwenye maji

Muulize muuguzi, msusi au mwosha vyombo ambaye mikono yake imepasuka: kati ya sabuni na kitakasa mikono chenye alkoholi, kipi kinakuumiza? Wengi watakitaja kitakasa bila kusita. Sababu wanayo, maana kikigusa palipopasuka machozi yanakaribia kutoka, ilhali maji ya vuguvugu na povu la sabuni huleta raha. Kwenye vipimo mambo yanageuka. Wataalamu wa ngozi wana kifaa cha kupima maji yanayovuja kutoka mwilini kupitia ngozi, na ngozi inayooshwa kwa sabuni mara nyingi kwa siku huvuja zaidi kuliko ile inayopakwa kitakasa mara hizo hizo. Sabuni ndiyo iliyofungua ufa. Kitakasa kimepita tu pale penye ufa.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linalowapoteza watu wanapochagua. Mkono ni shahidi mbovu. Sabuni husifiwa kwa kuwa inaacha ngozi kavu na "safi kabisa", losheni kwa kuwa haigandi, glavu kwa kuwa haisikiki mkononi. Sifa hizo zote hazisemi lolote kuhusu yanayoipata ngozi. Kwa hiyo hapa nitalinganisha vitu vitatu, yaani kinachosafisha, kinachofunika na kinachopakwa, kwa kuangalia kila kimoja kinaufanyia nini ukuta wa ngozi. Kinachosafisha kitachukua nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa madhara mengi huanzia hapo, japo watu wengi huanza kwa kununua krimu.

Ukuta wenyewe

Tabaka la juu kabisa la ngozi lina unene wa takriban maikromita 10 hadi 20 sehemu nyingi za mwili. Karatasi ya kuandikia ni nene kuliko hilo. Kiganjani ni nene zaidi, lakini mgongoni mwa mkono na katikati ya vidole ni jembamba, na ndiyo maana ukurutu wa kazini hupenda kuanzia katikati ya vidole na chini ya pete, mahali ambapo sabuni hujificha isisuuzike.

Tabaka hilo limejengwa kama ukuta wa matofali. Matofali ni chembe bapa zilizokufa, zilizojaa protini ya keratini. Saruji inayoyashika ni mafuta ya aina tatu: seramidi, ambazo ni karibu nusu ya uzito wake, kolesteroli, na asidi huru za mafuta. Ndani ya matofali kuna vitu vidogo vinavyoshika maji ili ngozi ibaki laini, na vingi vyake hutokana na protini iitwayo filagrini. Baadhi ya watu huzaliwa na kasoro katika jeni ya filagrini. Hao, pamoja na wale waliougua pumu ya ngozi utotoni, huanza kazi na ukuta ambao tayari una nyufa, na wanapaswa kuwa wakali zaidi katika kila uchaguzi unaofuata hapa.

Uso wa ngozi una tindikali kidogo, pH ya karibu 5 (katika kipimo hiki, chini ya 7 ni tindikali, juu ya 7 ni alkali). Mwaka 1928 Wajerumani Heinrich Schade na Alfred Marchionini waliiita hali hiyo joho la tindikali. Joho hilo lina kazi mbili. Vimeng'enya vinavyokamilisha seramidi hufanya kazi vizuri penye tindikali, na vile vinavyokata vifungo kati ya chembe na chembe huchangamka pH ikipanda. Kitu chenye alkali basi huwafukuza waashi na papo hapo kuwaita wabomoaji. Mwashi halisi anayeshika saruji mbichi kwa mikono mitupu, yenye pH ya zaidi ya 12, anajenga ukuta mmoja huku akibomoa mwingine.

Si kila kitu cha kazini hubomoa kwa njia moja. Maji matupu huvimbisha matofali, huvuruga mpangilio wa saruji na kuondoka na vile vishika-maji. Ndiyo sababu mkono ulioshinda kwenye maji hukauka kuliko ambao haukuloa. Petroli, tina ya kuyeyushia rangi na asetoni huyeyusha saruji moja kwa moja, mkono ukabaki na weupe kama uliopakwa vumbi. Sabuni na dawa za kusafishia hufanya yote mawili, na la tatu juu yake: hung'ang'ania keratini. Molekuli yake ina upande unaopenda mafuta na upande unaopenda maji, hivyo hujipenyeza kwenye protini, huikunjua na kubaki humo hata baada ya kusuuza. Inayojulikana zaidi kwa tabia hiyo ni sodiamu laureli salfeti, ambayo kwenye chupa nyingi huandikwa SLS. Maabara zinapotaka kuiharibu ngozi ya mtu aliyejitolea, kwa kiasi kinachodhibitika, ili zipime krimu, mara nyingi hutumia hiyo hiyo SLS.

Kinachosafisha

Tuanze na sabuni ya kipande, ile ya mafuta yaliyopikwa kwa alkali. Ndani ya maji huwa na pH ya 9 hadi 10, na hakuna namna ya kuishusha hadi 5 ikabaki sabuni, kwa sababu ikitiwa tindikali hurudi kuwa asidi za mafuta na kuacha kutoa povu. Kwa anayenawa mara tano kwa siku, hilo si jambo la kumnyima usingizi: ngozi yenye afya hurudisha tindikali yake yenyewe ikipewa muda. Anayenawa kila baada ya nusu saa haipi muda huo. Maji yakiwa magumu, yaani yenye chokaa nyingi, hali huwa mbaya zaidi, kwani sabuni hugandana na madini na kuacha utando juu ya ngozi. Maneno "ya asili" au "ya mitishamba" kwenye karatasi yake hayabadilishi pH hata kidogo.

Mwenzake ni sabuni ya sintetiki, ya kipande au ya maji, ambayo kwa kemia si sabuni. Faida yake kubwa ni kwamba mtengenezaji anaweza kuiweka kwenye pH ya 5.5 au karibu na hapo. Lakini neno "sintetiki" peke yake lisikutoshe, maana SLS nayo ni ya sintetiki, na sabuni nyingi za bei rahisi za kuoshea vyombo na sakafu hutegemea jamii yake. Geuza chupa usome. Ukikuta SLES, ndugu mpole zaidi wa SLS, imechanganywa na betaini au glukosidi, ambazo ni visafishaji vingine vilivyo laini, hiyo ni afadhali sana, kwani zikichanganywa huwa haziingii kwenye ngozi kwa wingi kama ambavyo kila moja ingeingia peke yake. Povu jingi si kipimo cha usafi wala cha ukali. Ni kipimo cha povu.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kuliko kuchagua sabuni mbaya ni kunawa mikono kwa sabuni iliyotengenezewa kitu kingine. Aliyesimama kwenye sinki hujimiminia ile ya vyombo kwa sababu ndiyo iliyo karibu, na anayepiga deki hunawia maji ya ndoo. Bidhaa hizo zilipimwa kwa uwezo wa kung'oa mafuta kwenye sahani na vigae, na ngozi nayo ina mafuta.

Sasa kitakasa. Shirika la Afya Duniani lina michanganyiko miwili iliyopendekezwa: mmoja wenye ethanoli asilimia 80, mwingine wenye alkoholi ya isopropili asilimia 75, na yote miwili ina gliserini asilimia 1.45. Hiyo gliserini ni kwa ajili ya ngozi, na kitakasa kisicho nayo wala kilainishi kingine ukiache dukani. Kwa nini kinadhuru kidogo kuliko sabuni? Alkoholi nayo hulegeza mafuta ya ngozi, lakini hakuna maji ya kuyapeleka mtaroni. Inapokauka, sehemu kubwa ya mafuta hayo hubaki pale pale. Pia hakuna kukunjua keratini kwa namna ya SLS, hakuna kuvimba kwa maji, hakuna kusugua kwa taulo. Tena huchukua sekunde 20 hadi 30, wakati kunawa kikamilifu huchukua sekunde 40 hadi 60.

Mipaka yake nayo ni ya kweli. Kwenye mikono yenye tope, damu au grisi hakifai kitu. Hakiui mbegu za bakteria wa Clostridioides difficile, na dhidi ya norovirusi ni dhaifu, hivyo katika wodi au jiko lenye mgonjwa wa kuharisha, maji na sabuni havina mbadala. Na kuna tabia moja ambayo ningeipiga marufuku kama ningeweza: kunawa kwa sabuni, kisha kupaka kitakasa mikono ikiwa bado mibichi, "kwa uhakika zaidi". Maji yaliyobaki huipunguzia alkoholi nguvu, na alkoholi huingia kwenye ngozi ambayo sabuni imetoka kuilegeza. Ngozi inapata hasara mara mbili, na usafi hauongezeki kwa kiasi cha kuihalalisha hasara hiyo.

Kwa hiyo, kama kazi yako ni ya kugusa watu au vitu bila kuchafuka kwa kuonekana, chagua kitakasa chenye gliserini kiwe cha kawaida yako, na sabuni iwe ya pale penye uchafu. Kikikuchoma, usikiache na kurudi kwenye sabuni. Huo ndio mtego hasa: anayekikimbia hunawa zaidi, hupasuka zaidi, na safari ijayo kitakasa kinachoma zaidi. Kama kazi yako huchafua kila wakati, chagua sabuni ya maji ya sintetiki yenye pH ya 5 hadi 6, isiyo na manukato, na maji ya baridi au vuguvugu. Maji ya moto huongeza ukali wa sabuni ile ile. Suuza mpaka katikati ya vidole, vua pete, kisha kausha kwa kubonyeza taulo badala ya kusugua.

Mafundi wa mitambo wana kesi yao. Wao huchagua kati ya petroli, ambayo haigharimu kitu kwa kuwa ipo, na ile pasti yenye chembe za kusugulia. Petroli iondoe kwenye orodha: inayeyusha saruji yote na baadhi ya viambato vyake hupenya hadi damuni. Pasti yenye chembe inakwangua tabaka ambalo lingechukua siku kadhaa kujengeka, ila ikitumika mara moja, mwisho wa zamu, viganjani tu, inavumilika. Njia ya tatu haina jina la kupendeza lakini inashinda zote mbili: paka mafuta mepesi yoyote, hata ya kupikia, yasugue kwa dakika moja yalegeze grisi, futa kwa kitambaa, kisha nawa kwa sabuni laini. Mafuta huondoa mafuta bila kuchuna ngozi.

Kinachofunika

Glavu za mpira ziliingia kwenye vyumba vya upasuaji kwa ajili ya ngozi ya mfanyakazi, kabla ya yeyote kufikiria sana usalama wa mgonjwa. Majira ya baridi ya 1889 kuingia 1890, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, muuguzi Caroline Hampton aliharibika mikono kwa sababu ya kloridi ya zebaki iliyotumika kuua vijidudu. Daktari William Halsted aliagiza glavu nyembamba kutoka kampuni ya Goodyear ili kumwokoa. (Baadaye walioana, na naona hakuna aliyeshangaa.)

Ila glavu nazo zina bei yake juu ya ngozi. Ndani yake mna jasho, na mkono ulioloa jasho kwa saa tatu uko katika hali isiyo mbali sana na ule uliokaa kwenye ndoo. Nchini Ujerumani kanuni za usalama kazini, TRGS 401, zimekuwa zikitumia saa 2 kwa siku kama mpaka wa kuanza kuwa na wasiwasi juu ya mikono iliyo kwenye maji, na kanuni hizo zinaitazama pia mikono inayofungiwa ndani ya glavu kwa muda mrefu. Tofauti kubwa iko hapa: kwenye ngozi nzima na kavu, glavu peke yake hudhuru kidogo, lakini kwenye ngozi yenye mabaki ya sabuni, hufanya kazi ya kifuniko cha sufuria, ikiisukuma sabuni ndani. Kuvaa glavu juu ya mikono isiyosuuzwa vizuri ni kubaya kuliko kutovaa.

Kati ya aina, mpira asilia unanyumbulika vizuri na unatosha kwa maji na sabuni, ila huharibiwa na mafuta na petroli, na protini zake huwapa baadhi ya watu mzio wa haraka ambao unaweza kuwa wa hatari. Nitrili hustahimili mafuta na grisi, hivyo ndiyo ya gereji na ndiyo ningeichagua kama sijui nitakutana na nini. Asetoni, hata hivyo, huipita ile nyembamba upesi. Vinili ni rahisi kwa bei na hutoboka upesi; iwe ya kazi fupi tu. Kwa kuosha vyombo na kufua, achana na zote za kutupa, chukua zile nene ndefu za nyumbani zenye bitana ya pamba, kunja ukingo wake ili maji yasitiririke ndani ukiinua mikono, na zigeuze zikauke usiku. Glavu nyembamba za pamba chini ya zile za mpira hunyonya jasho. Zikiloa, zibadilishe.

Onyo moja kwa wanaoshughulika na kucha bandia na gundi za meno: akrileti, kemikali iliyomo humo, hupenya glavu nyembamba za kutupa ndani ya dakika chache bila tundu lolote. Hapo glavu inayoonekana nzima si ushahidi wa kitu.

Kinachopakwa

Losheni, krimu na mafuta ya mgando hutofautiana hasa kwa kiasi cha maji. Losheni ina maji mengi, inapendeza kuipaka, na hukauka mapema. Mafuta ya mgando hayana maji kabisa, yanaganda, yanachafua karatasi, na ndiyo yanayoshinda: kwa kuzuia maji yasivuje nje hupunguza uvujaji kwa zaidi ya asilimia 98 yakipakwa kwa wingi, kiwango ambacho mafuta mengine hayakaribii. Watu husema "yanaziba ngozi isipumue". Kinachotokea ni kwamba hujipenyeza kati ya matofali ya juu, na ngozi huendelea kujirekebisha chini yake.

Krimu iko katikati, na kwa saa za kazi ndiyo inayotumika kirahisi. Yenye gliserini inatosha watu wengi. Zenye seramidi zina mantiki, ila ujumbe wa chupa usikuteke: majaribio ya miaka ya 1990 yalionyesha kwamba aina moja ya mafuta ya ngozi ikipakwa peke yake inaweza hata kuchelewesha ukarabati, na kwamba zote tatu zikienda pamoja kwa uwiano mzuri ndipo zinasaidia. Tafuta kolesteroli na asidi za mafuta kwenye orodha hiyo hiyo. Urea inalainisha sana, lakini inachoma penye ufa, kwa hiyo isubiri.

Kuna krimu zinazouzwa kupakwa kabla ya kazi, zikiahidi kuwa "glavu isiyoonekana". Ningetumia pesa hizo kwa krimu ya baada ya kazi. Ushahidi wake ni hafifu, watu huzipaka wakiruka katikati ya vidole, na anayejiona amekingwa hupunguza tahadhari.

Hata kitu cha duka la dawa kinaweza kukusaliti. Uingereza ilikuwa na krimu nyeupe ya kulainishia ngozi, iliyoandikwa sana na madaktari, ambayo kiambato chake kimojawapo kilikuwa SLS. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya huko ilitoa tahadhari kwamba ikiachwa kwenye ngozi inaweza kuwasha, hasa watoto wenye pumu ya ngozi. Mwaka huo huo kihifadhi cha methilisothiazolinoni kilitajwa na chama cha madaktari wa mzio wa ngozi nchini Marekani kuwa kizio, yaani kisababisha mzio, cha mwaka, na baadaye Ulaya ikakipiga marufuku kwenye bidhaa zinazobaki mwilini. Manukato nayo ni sababu ya kawaida ya mzio. Kwa mkono wa kazini, krimu isiyonukia ndiyo ya kuchagua.

Mpangilio wangu ungekuwa huu: krimu ya gliserini kila mapumziko, mafuta ya mgando usiku chini ya glavu za pamba. Usiyapake kabla ya kuvaa glavu za mpira asilia, kwani mafuta hayo huzilainisha mpaka zipasuke.

Ikiwa haiponi

Wekundu ukiisha, ukuta bado haujaisha kujengwa. Baada ya ukurutu wa mikono, uwezo wa kuzuia maji unaweza kuchukua wiki 4 au zaidi kurudi, kwa hiyo mapumziko ya siku mbili hayatoshi, na kurudia sabuni kali siku ngozi inapopendeza tena ni kuanza upya.

Mara nyingi tatizo ni mwasho wa moja kwa moja, yaani ngozi kuumizwa na kitu chenyewe bila mzio. Inakadiriwa kuwa karibu asilimia 80 ya ukurutu wa mgusano ni wa aina hii. Unachoma na kukausha zaidi kuliko kuwasha, na hukaa pale palipoguswa. Mzio huwasha sana, huvimba malengelenge, na hutambaa hadi kwenye mkono wa juu au usoni. Dalili hizo huingiliana kiasi kwamba jicho peke yake halitoshi, na ukuta uliobomolewa na sabuni ndio unaoruhusu vizio vipenye, hivyo mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kinachotenganisha ni kipimo cha viraka vinavyobandikwa mgongoni kwa siku mbili, kisha kusomwa mara kadhaa. Ukienda kupimwa, usieleze tu kwa mdomo. Beba sabuni ya kazini, krimu zako zote, na glavu moja ya kila aina unayovaa, pamoja na boksi lake.